Ndege Aliyetaga Kabla Hajalipiwa Kodi

Jumamosi moja asubuhi, wiki chache baada ya kuhamia Harrow Flats, Marlys Tveit alifungua banda la ndege ili afagie, akakuta ndege yao imetaga. Yai lilikuwa chini ya bawa la kushoto, juu ya gunia ambalo mumewe alikuwa amelitandika kuzuia oili isidondokee sakafuni. Lilikuwa kubwa kama tikiti maji, rangi yake alumini tupu, na lilikuwa na joto. Katikati lilizungukwa na mstari wa ribiti ndogondogo, zile pini za kuungia mabati. Marlys aliinama akaligusa kwa kiganja, kisha akaenda kuuegemeza ufagio ukutani, maana si vizuri kutimua vumbi karibu na yai.

Akampigia mumewe simu.

"Harlan, Agnete ametaga."

"Mangapi?"

"Moja."

"Usilisogeze," alisema Harlan. "Nakuja sasa hivi. Nina mayai kwenye kikaango." Kukasikika jiko likizimwa. "Nitayaacha."

Agnete ndilo jina lililoandikwa kwa rangi ya bluu kwenye pua ya ndege ile. Walikuwa wameiunda wenyewe, mke na mume, katika gereji ya nyumba yao huko Dell Creek, Montana. Harlan alikuwa fundi wa mabasi ya shule. Marlys alikuwa msaidizi wa daktari wa meno, na mikono yake ilikuwa imezoea kufanya kazi mahali pembamba ambapo mtu haoni vizuri. Kwa hiyo Harlan alisimama nje na bunduki ya ribiti, na Marlys alilala ndani ya kiwiliwili cha ndege ameshikilia kipande cha chuma upande wa pili. Walizungumza kupitia bati. Walisutana, walitaniana, na siku moja waligombana vibaya juu ya jina la mtoto, wakapatana, yote kupitia bati. Kila Harlan alipocheka, ribiti ilikwenda upande. Binti yao Signe alikua akidhani kila nyumba duniani ina bawa sebuleni.

Kabla rangi ya mwisho haijakauka, moyo wa Harlan ulianza kuruka mapigo, na daktari akamwambia asahau leseni ya urubani. Harlan alikwenda gereji akakaa ndani ya ndege mpaka chakula cha jioni kikapoa. Wiki iliyofuata Marlys akaanza kujifunza kurusha ndege, katika umri ambao rafiki zake walikuwa wakijifunza kufuma soksi. Tangu hapo yeye ndiye rubani, na Harlan akakaa kiti cha pili, akijifanya kwamba miguu yake haikanyagi chochote.

Walihama kwa sababu ya mjukuu. Signe, aliyeishi huku Harrow Flats, alikuwa amejifungua binti, Liv, na mumewe huendesha malori ya bata mzinga wiki nzima, haonekani nyumbani mpaka Ijumaa. Harlan alivuka mpaka wa majimbo na pikapu lililojaa fanicha, na Marlys alivuka kwa juu. Mpaka wenyewe si kitu cha kutazama. Ni uzio wa seng'enge na lami inayobadilika rangi. Lakini alipoupita, Agnete alikohoa mara moja na kushuka kidogo, kama mtu aliyekosea ngazi. Marlys alidhani ni kabureta. Sasa, akiwa amechuchumaa mbele ya yai, alielewa kuwa haikuwa kabureta.

Harlan alifika akiwa na viatu vya ndani. Alizunguka yai, akavaa miwani, akazikagua ribiti.

"Hii imepinda," alisema.

"Ni ya kwako hiyo," alisema Marlys. "Ameirithi."

Dewey Ortmann, mtunzaji wa kiwanja kile kidogo cha ndege, naye alikuja kuangalia, mikono mfukoni. Alikuwa na ndege yake ya zamani katika banda la mwisho.

"Yangu haijawahi kutaga," alisema. "Labda ni mafuta ninayotumia."

Tangu asubuhi hiyo Marlys hakusema tena kwamba ndege iko bandani. Alisema ndege yuko bandani. Harlan alipinga mpaka wakati wa chakula cha mchana, kisha naye akakubali.

Jumatatu akaja mkaguzi wa kodi.

Aliitwa Lowell Pruitt, mtu mpole, mwenye masikio makubwa na mkoba uliochakaa pembeni. Aliegesha gari lake la kijivu ng'ambo ya uwanja wa saruji, akatembea moja kwa moja kuelekea bandani. Njiani palikuwa na jeti ya Garrick Voss.

Voss ndiye mwenye kiwanda cha nyama ya bata mzinga, na jeti yake, nyeupe, ndefu, yenye madirisha ya duara, ililala hapo uwanjani kila usiku wa mwaka. Lakini kwa makaratasi haikuwa yake. Ilikuwa ya kampuni, na kampuni hiyo ilikuwa na makazi yake katika sanduku la posta huko Montana, ambako mtu akinunua kitu hulipa bei yake basi, hakuna kodi ya mauzo juu yake. Kwa sheria, jeti ilikuwa huko. Kwa hiyo Bwana Pruitt aliingilia ubavuni mwa jeti, akipenya bati lenyewe karibu na mlango kama mtu apenyaye ukungu, akatokea upande wa pili chini ya mkia, bila kupunguza mwendo. Alikuja akinyoosha tai yake ya shingoni, ambayo sasa ilinukia ngozi mpya na limau.

"Wote wa ofisi yao hupita humo," Dewey alimweleza Harlan kwa sauti ya chini. "Yule wa mwaka juzi alitokeza na karanga mkononi. Akazila."

Marlys alimpa mgeni mkono. "Karibu. Umepita ndani ya jeti."

Bwana Pruitt aligeuka akaangalia nyuma. "Jeti gani, mama?"

"Ya Bwana Voss."

"Jeti ya Bwana Voss iko Dell Creek, Montana," alisema kwa adabu. "Sanduku la posta nambari kumi na moja."

"Ninalijua hilo sanduku. La kwetu lilikuwa kumi na mbili. Hata kiatu hakienei."

"Basi wameipanga vizuri," alisema Bwana Pruitt, na akafungua mkoba.

Alieleza jambo lake bila kujikwaa. Mtu akihamia jimbo hili na chombo ambacho hakikulipiwa kodi ya mauzo kule alikotoka, hulipa kodi ya matumizi hapa. Agnete hakuwahi kulipiwa kodi. Kwa hiyo angetozwa kwa thamani aliyonayo leo, na thamani ya ndege kama Agnete ilikuwa ni hii. Akamwonyesha Harlan karatasi. Harlan akakaa juu ya ndoo.

"Hatukununua ndege sisi," alisema Marlys. "Tulinunua mabati na ribiti. Injini tuliitoa kwa marehemu mmoja."

"Ndiyo. Lakini sasa si mabati na ribiti. Ni ndege."

"Ni ndege kwa sababu tumemuunda."

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana ina thamani."

"Yaani unanitoza kodi kwa kulala ndani ya bomba miaka yote ile nikimshikilia chuma huyu mzee?"

Bwana Pruitt alilifikiria swali hilo, kwa kuwa hakuwa mtu wa kudharau swali. "Kulala kwenyewe hakutozwi," alisema. "Kinachotozwa ni thamani yake." Akaongeza kuwa wasipolipa hadi mwisho wa mwezi unaofuata, Agnete atatiwa lakiri na kupigwa mnada. Alisema "itatiwa." Marlys akamrekebisha. Akasema tena, "Itatiwa."

Hapo Harlan, ambaye huchekesha anapoogopa, aliinua kichwa kutoka kwenye ndoo. "Na kuku je? Nao mnawatoza wakihama?"

"Kuku, bata, bata mzinga, ndege yeyote anayetaga kwa ajili ya kuzalisha, hatozwi," alisema Bwana Pruitt. "Hili ni jimbo la wafugaji."

"Basi, ndugu yangu, chungulia chini ya bawa."

Bwana Pruitt alipiga magoti. Alikaa huko muda mrefu, soli za viatu vyake zikiwaangalia.

"Lina joto," alisema akiwa huko huko.

Alipoinuka alikuwa na vumbi magotini na hakulipangusa. Alisema suala hili liko juu ya cheo chake na litahitaji daktari wa mifugo.

Daktari wa mifugo wa wilaya, Imogene Sackett, alikuja siku iliyofuata na mabuti yenye matope ya zizi jingine. Alimzunguka Agnete akimpapasa, akaweka kipimo cha moyo kwenye injini na kuwaamuru wote wanyamaze.

"Moyo mzuri," alisema. "Silinda nne, zote zinapiga. Anakula nini?"

"Petroli," alisema Harlan.

"Endelea nayo. Nyasi kavu hapa chini, nyingi. Asubuhi mwasheni kidogo, apate joto la kuatamia. Asiruke mpaka yai lianguliwe, na asionyeshwe mbwa." Kisha akathibitisha kwa sahihi yake kwamba Agnete ni ndege jike mwenye afya, mtagaji, wa kuzalisha.

Siku zilizofuata zilikuwa za raha ambayo kiwanja kile hakikuwahi kuiona. Wenye mabanda ya jirani walileta nyasi. Mke wa Dewey alileta mikate ya mdalasini, halafu akaleta blanketi, halafu akahamishia kiti chake hapo. Signe alikuja kila alasiri na Liv mgongoni, na mtoto alipoona bawa alilinyooshea mikono yote miwili. Kila asubuhi Marlys alimwasha Agnete kwa sauti ya chini, na pangaboi likazunguka polepole, na nyasi zikaruka, na watu wakasimama na vikombe vya kahawa wakiwa na nyasi vichwani, wakicheka bila sababu ya kueleweka. Wengine walianza kutandika nyasi katika mabanda yao pia, kimyakimya, kisha wakasema ni kwa ajili ya unyevu.

Ofisi ya kodi ikajibu, na Bwana Pruitt akaja kuleta jibu mwenyewe, akipita ndani ya jeti kama kawaida. Ofisi ilikubali kuwa Agnete ni ndege wa kutaga. Lakini msamaha wa kodi ulikuwa kwa mfugaji, na mfugaji ni mtu mwenye kundi.

"Kundi ni wangapi?" aliuliza Marlys.

"Sheria haikutaja. Tumekubaliana pale ofisini kwamba wawili wanatosha."

Wote wakageuka kulitazama yai.

"Basi tunasubiri," alisema Harlan.

"Mwisho wa mwezi hausubiri," alisema Bwana Pruitt, na alilisema kwa huzuni. Alikuwa amekuja na kifurushi cha nyasi kavu chini ya kwapa. Alisema amezikuta barabarani, ingawa zilikuwa zimefungwa kwa utepe wa duka.

Mwezi ukaenda. Harlan aliacha kulala vizuri. Alimsaidia Marlys kumfunika Agnete jioni, akapapasa ubavu wake mahali ambapo ribiti zilikuwa za siku ile ya ugomvi wa jina, zote zimenyooka kama askari, kwa sababu siku hiyo hakucheka.

"Wakimchukua," alisema, "nitakuwa sijawahi kumrusha hata mara moja."

"Hawamchukui."

"Nasema tu wakimchukua."

"Harlan Tveit, ukisema tena nitakupeleka wewe mnadani, na hutapata mnunuzi."

Yai lilianguliwa siku mbili kabla ya mwezi kwisha, wakati wa chakula cha mchana, watu wote wakiwepo kwa sababu siku hizo watu wote walikuwepo kila siku. Kwanza zilifyatuka ribiti, moja moja, tik, tik, tik, zikagonga kuta na paa, na mke wa Dewey akafungua mwavuli. Ile iliyopinda ilikuwa ya mwisho. Kisha ganda likafunguka na kikatoka kifaranga, kimelowa oili, kikubwa kama bata bukini, mabawa yamejikunja, magurudumu matatu hayajajua yaelekee wapi. Pangaboi lake lilikuwa kama kijiko cha chai. Kikatikisa mkia, kikapiga chafya ya moshi wa bluu, kikakimbia moja kwa moja hadi kwa Harlan na kujigonga kwenye kifundo cha mguu wake.

"Amekuona wewe kwanza," alisema Daktari Sackett. "Ndiyo basi tena. Wewe ndiye mama."

"Mama yake yuko pale!"

"Hajali."

Wakamwita Kijiko. Alasiri ile alikimbia kiwanja kizima, Harlan mbele na yeye nyuma, na alipokosea kona alizunguka kama pia, akainuka, akaendelea. Liv alicheka mpaka akapata kwikwi. Dewey alicheka mpaka ikabidi akae chini. Bwana Pruitt, aliyekuja siku yake ya mapumziko akiwa na keki na bila mkoba, alimkimbiza Kijiko chini ya meza na kumpata, akamshika kifuani, na Kijiko akamwashia injini kwenye tai. Bwana Pruitt alisema hajawahi kushika kitu kinachotetemeka namna hiyo.

"Sasa ni wawili," alimwambia Marlys, uso unang'aa. "Ni kundi. Nitawaambia kesho asubuhi na mapema."

Akawaambia. Jibu lilirudi siku ya mwisho ya mwezi, na alilileta bila keki.

Kodi, ofisi ilisema, inahesabiwa pale chombo kinapovuka mpaka. Agnete alivuka peke yake. Mmoja si kundi, na kilichotokea baada ya hapo ni baraka, lakini si hoja.

"Hakuwa peke yake," alisema Signe. "Alikuwa na yai tumboni. Mama alilisikia, Agnete alikohoa mpakani."

"Hilo walilijadili," alisema Bwana Pruitt, na akaangalia viatu vyake. "Kama yai lilikuwa tumboni, basi nalo limeingizwa kutoka Montana, na alumini yake haijalipiwa kodi. Kwa hiyo naye Kijiko anatozwa."

"Na mimi je?" alisema Harlan. "Nilivuka na figo mbili na meno ya Montana."

"Hawakuuliza habari zako, mzee. Nakusihi usiwakumbushe."

Marlys hakucheka. Alitoka mlangoni, akanyoosha kidole. Jeti ya Voss ilikuwa hapo mbele yao, jua limeipiga ubavuni, na kijana wa kazi wa Voss alikuwa juu ya ngazi akisugua dirisha.

"Lowell," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Unasikia kitambaa kikisugua kioo?"

Bwana Pruitt alisikiliza. "Nasikia."

"Kioo cha nini?"

Alisikiliza tena, kwa bidii, kichwa kimeinama upande. "Sijui, Marlys," alisema. "Kweli sijui."

Wakalipa ya Agnete; ya Kijiko ikasubiri apimwe thamani. Ili wapate fedha, Harlan aliuza kompresa, mashine ya kukunjia bati, pikapu, na mwisho bunduki ya ribiti, ambayo aliifuta kwa kitambaa na kumkabidhi mnunuzi kwa mikono miwili kama anayemkabidhi mtoto kwa shangazi. Baada ya hapo hawangeweza tena kuunda kitu. Marlys alimkuta katika gereji yao mpya, tupu, akiwa amesimama katikati huku Kijiko akizunguka miguuni pake akitafuta kitu cha kugonga. Alimshika mkono. Kwa kuwa safari hii hapakuwa na bati baina yao, walijikuta hawajui pa kutazama, wakaanza kucheka.

Bwana Pruitt alipokuja kuwapa risiti, Marlys alimuuliza kama amewahi kupanda ndege ndogo. Alisema hapana. Alimuuliza kama angependa. Masikio yake yakawa mekundu.

Alimfunga mkanda, akamwambia asishike chochote chekundu, na Agnete, ambaye hakuwa ameruka tangu atage, aliruka kama aliyefunguliwa kamba. Walipanda juu ya mashamba, juu ya malori ya bata mzinga yaliyopangana barabarani, juu ya nyumba ya Signe na nguo za mtoto kwenye kamba. Bwana Pruitt alisema "Lo," akasema tena "Lo," kisha akasema anaona paa la nyumba ya mama yake na kwamba linahitaji kurekebishwa. Marlys akageuza bawa ili arudi kiwanjani. Bwana Pruitt aliangalia chini.

"Ile nyeupe pale," alisema. "Ya nani?"

"Ya Bwana Voss."

Aliitazama kwa muda mrefu, paji la uso limegusa kioo. Kutoka juu ilionekana vizuri sana, mabawa yake yamevuka mistari ya njano, na kivuli chake kimefunika saruji nzima.

"Ni kubwa," alisema.

"Ni kubwa."

"Na ni nzuri."

"Ukishuka utaiona?" aliuliza Marlys.

Bwana Pruitt alifikiri kwa uaminifu, kama alivyofikiri kila alipoulizwa. "Nikishuka nitakuwa kazini," alisema.

Marlys alimpa mzunguko mmoja zaidi. Kisha wakatua, na mkaguzi akamshukuru kwa kumshika mkono mara mbili, akachukua mkoba, akaingilia chini ya mkia na kutokea karibu na mlango, akaenda kwenye gari lake.

Kijiko alikua kwa kasi. Katikati ya kiangazi alifika kifuani mwa Harlan, na mwisho wake alikuwa na kiti kimoja, chembamba, ambacho hakuna mtu aliyekiweka. Kiti kilikuwa na umbo la Harlan, pamoja na bega lake moja lililoshuka. Marlys alikipima kwa macho na kumpigia simu Daktari Sackett.

"Daktari wa moyo amemkataza urubani," alimwambia.

"Ndege wa kuunda ana rubani," alisema Daktari Sackett. "Huyu wa kuanguliwa ana mtu mgongoni tu, kama farasi. Nitampima Kijiko. Mumeo hanihusu." Akampima Kijiko, akamkuta safi.

Asubuhi ya siku yenyewe Harlan alinyoa mara mbili. Kiwanja kizima kilikuja, na mke wa Dewey alikuja na mwavuli. Marlys alimfungia mumewe mkanda, akamtazama usoni. Alitaka kumwambia asiende mbali, akamwambia afunge kifungo cha juu.

"Nikianguka?" alisema Harlan.

"Yeye hakuachi uanguke. Anadhani wewe ni mama yake."

Kijiko alichukua njia yote ya kurukia na kipande cha majani baada yake. Watu wakashika pumzi. Halafu magurudumu matatu yakaiacha ardhi, mawili pamoja na moja baadaye kidogo, na sauti ya Harlan ikaja kutoka juu, si neno, bali kelele ndefu ya furaha kama ya mtu aliyemwagiwa maji baridi. Akapita juu ya vichwa vyao, magoti nje, kifungo kimefunguka. Liv alinyoosha mikono yote miwili. Ndani ya banda Agnete alijiwasha mwenyewe, akanguruma mara moja na kuzima. Marlys alikuwa akilia na kucheka, hakuwa na mkono wa kujifuta kwa sababu amembeba mtoto, akajifuta kwa kofia ya mtoto.

Bwana Pruitt alikuwa amefika saa hiyo hiyo kudai kodi ya Kijiko, iliyopanda kwa sababu Kijiko amekua. Alikuwa katikati ya uwanja aliposikia ile kelele. Alisimama papo hapo, akaweka mkoba chini, akainua uso, na akaanza kupiga makofi. Alikuwa amezama ndani ya jeti ya Voss mpaka kifuani, mikono yake ikiingia na kutoka katika bati jeupe, na kila kofi lilivuma kama limepigwa ndani ya chumba chenye zulia.

"Lowell!" Dewey alimpigia kelele. "Utachafua viti!"

"Viti gani?" alisema Bwana Pruitt bila kushusha macho, na akaendelea kupiga makofi.